Gitare ikinyamaza katikati ya wimbo: namna ya kuchagua swichi ndogo na kuifunga waya

Siku ya Mungu moja, hapa Kamatanda, korali ilikuwa katikati ya wimbo wa matoleo. Kijana wa solo akasogeza swichi ya gitare yake ili atoke kwa sauti nene aingie kwa sauti kali. Gitare ikanyamaza. Akasogeza tena, ikafanya krrr, ikarudi, ikapotea. Mwishoni aliisukuma ile swichi kwa kidole kidogo, akaishikilia vile, akamaliza wimbo akipigia vidole vyenye vilibaki. Watu mingi ndani ya kanisa hawakujua kitu. Ila mpiga besi alijua, na mimi nilijua, juu nilikuwa nimekaa nyuma ya ampli.

Kisha ibada, viongozi wa korali wakaanza hesabu ya kuchanga pesa ili gitare mpya itafutwe Lubumbashi. Kwa korali ya watu wenye kuuza makala na kuchimba mawe, pesa ya gitare ni miezi mingi ya kujinyima. Nikawaomba wiki moja. Tulipoifungua kwa fundi wa redio, tulikuta mikro zote tatu ziko nzima, volimu iko nzima, jeki iko nzima. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekufa: swichi ya pozisio tano. Plastiki yake ilivunjika, vyuma vyake vililegea, na siku ile ya kuibadilisha haikupatikana mjini. Fundi akatia mkono ndani ya kikopo cha maziwa ya unga, akatoa swichi tatu ndogo za kijiti, zile unaziona kwa chaja za batri na kwa redio za zamani.

"Papa, hizi haziwezi?"

Zinaweza. Lakini moja kati ya zile tatu haikufaa, na ilituchukua saa mbili kujua juu ya nini. Nitaeleza hapa chini, juu ndiyo fasi watu mingi wanaanguka. Tangu siku ile vijana wa korali zingine na wa orkestra za mtaa wanakuja na gitare zao mgongoni, wanauliza mambo yale yale: ninunue swichi gani, waya hii inaenda wapi, na juu ya nini gitare inanguruma. Haya ndiyo majibu.

Ndani ya gitare kuna nini

Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na Hugh Tracey hapa hapa mjini mnamo 1952, wakati Likasi ilikuwa inaitwa Jadotville. Gitare yake ilikuwa ya mbao tu, bila umeme, kwa hiyo hakukuwa na swichi ya kumuharibia wimbo. Gitare ya umeme ni kitu kingine. Chini ya nyuzi kuna mikro (si ile ya kuimbia, wengine wanaita pikapu). Mikro ni sumaku yenye kuzungushiwa waya ya shaba nyembamba kuliko unywele, unene wa milimita 0,06 hivi, mara maelfu. Kwa mikro ya mtindo wa Stratocaster mizunguko inafika kama 7 000 ao 8 000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya ile shaba. Sisi watu wa Likasi tusishangae: shaba inatoka kwetu ikiwa jiwe, inarudi ikiwa sauti.

Shika neno hili: umeme kidogo sana. Batri ya tochi inatoa volti 1,5. Mikro ya gitare, mara nyingi, inatoa sehemu ndogo tu ya volti moja. Hauwezi kuwasha taa, hauwezi kukupiga. Kazi ya swichi ni kuuchagulia njia: mikro gani ipite kwenda kwa volimu na kwa jeki, gani ibaki nje. Basi.

Hesabu miguu kwanza

Ukiishika swichi ndogo ya kijiti, usiangalie rangi yake. Igeuze, hesabu miguu.

Ya miguu miwili inafunga njia na kuifungua tu. Ya miguu mitatu iko na mguu wa kati, ndio mlango, na miguu miwili ya pembeni, ndiyo vyumba viwili: kijiti kikienda huku, mlango unafunguka kwa chumba kimoja, kikienda kule, kwa kingine. Ya miguu sita ni swichi mbili za miguu mitatu zenye kukaa bega kwa bega chini ya kijiti kimoja. Zinasogea pamoja, lakini umeme wa upande mmoja haukutani na wa upande mwingine. Hilo la mwisho watu wanalisahau, wanafunga waya sawa vile miguu sita yote ni ya familia moja.

Kisha sogeza kijiti, usikie kinasimama fasi ngapi. Kikisimama fasi mbili, kila fasi iko na kazi. Kikisimama fasi tatu, mara nyingi ile ya kati ni kimya: mlango umefungwa pande zote. Kuna pia zenye kijiti kinachorudi chenyewe ukikiachilia, sawa kengele ya mlango. Hizo ziache, hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Swichi nyingi za bei ndogo, za mwili wa bluu ao mwekundu, zimeandikwa MTS na tarakimu tatu. Kuzisoma si kazi ngumu. MTS-101 ni ya miguu miwili. MTS-102 ni ya miguu mitatu, fasi mbili. MTS-103 ni ya miguu mitatu, fasi tatu na kimya katikati. MTS-202 ni ya miguu sita, fasi mbili. MTS-203 ni ya miguu sita na kimya katikati. Kwa gitare, ukiwa na 102 na 202 ndani ya mfuko, umemaliza karibu kila kazi.

Kitu kimoja kinashangaza mtu wa mara ya kwanza: kijiti kikitazama juu, ni mguu wa chini ndio unaungana na wa kati. Ndani mle kijiti kinafanya kazi sawa mbao ya watoto ya kupanda na kushuka. Ukitaka kijiti juu kimaanishe "imewaka", funga waya kwa mguu wa chini. Ukisahau, hakuna kitu kitaungua, ila mpigaji atakutukana.

Mtego wa ampere

Kwa ubavu wa ile swichi utasoma maneno kama 6A 125V, 3A 250V. Vijana wananunua yenye namba kubwa wakifikiri ndiyo yenye nguvu. Kwa gitare ile namba haikusaidii kitu. Inasema swichi inaweza kukata mzigo mkubwa kiasi gani bila kuungua, na mzigo wa gitare ni mamilioni ya sehemu ya ampere moja.

Mbaya zaidi, swichi yenye kutengenezwa kwa mzigo mkubwa inaweza kushindwa mzigo mdogo. Na hapa ndipo tulianguka. Ile swichi ya tatu ilitoka kwa chaja ya zamani. Fundi aliijaribu na batri na balbu: taa ikawaka vizuri. Tukailehemu. Ndani ya gitare ikawa inakohoa: sauti inakuja, inaenda. Tukatafuta ugonjwa kwa mikro, kwa jeki, kwa kamba, fasi zote isipokuwa fasi yake, juu tulikuwa "tumehakikisha" swichi. Mwishoni tukaweka multimeta kwa ohmu. Swichi nzuri inaonyesha karibu sifuri na kubaki pale. Yetu ilionyesha sifuri, kisha makumi, kisha mamia, kila ukigusa kijiti.

Sababu ni hii. Ndani ya swichi za mzigo mkubwa, sehemu zenye kugusana mara nyingi zimepakwa fedha. Fedha inapitisha umeme vizuri kabisa, lakini hewa yenye sulfuri inaitia ngozi nyeusi, sawa pete ya fedha ya mama inavyokuwa nyeusi. Umeme wa chaja uko na nguvu ya kupasua ile ngozi na cheche. Hata wa balbu unapita. Umeme wa gitare hauna nguvu hiyo, unasimama mlangoni. Na huu ni mji wenye kutengeneza asidi ya sulfuriki tangu wakati wa Union Minière, harufu yake kila mtu wa karibu na Shituru anaijua. Ongeza vumbi ya Kamatanda wakati wa kiangazi. Swichi yenye kukaa miaka ndani ya kikopo wazi inaweza kuwa imekufa bila kufanya kazi hata siku moja.

Kwa hiyo, ukiweza kuchagua, chukua yenye dhahabu kwa sehemu za kugusana, juu dhahabu haipati ile ngozi. Usidanganyike na miguu ya rangi ya dhahabu kwa nje. Kitu kyenye kuangaliwa ni ndani, na ndani haionekani, kwa hiyo inabaki karatasi ya kiwanda ao neno la muuzaji unayemuamini. Ukikosa, chukua mpya yenye mwili umefungwa vizuri chini, yenye miguu imezungukwa na gundi ngumu ili vumbi isipite. Na kabla ya kulipa, multimeta kwa ohmu, sogeza kijiti mara kumi: kama namba inarukaruka, rudisha. Muuzaji akikasirika, ni neno lake.

Tundu na nafasi

Shingo ya swichi ndogo inapita ndani ya tundu la milimita 6 na kitu. Msumari wa kutobolea wa 6,5 unafaa. Kwa plastiki nyeupe ya mbele ya gitare, bandika kwanza papieri ya kunata, weka alama, toboa polepole na ubao chini yake, isipasuke. Ndani ya mbao nene swichi ndogo haitoshi: shingo yake ni fupi, milimita 9 hivi, na nati inakosa fasi ya kushika. Pale lazima mbao ichongwe kutoka nyuma mpaka ibaki nyembamba, na hiyo ni kazi ya seremala, si ya fundi wa redio. Pima pia chini: kama hakuna sentimita 2 hivi kati ya plastiki na sakafu ya shimo, tafuta kona ingine.

Kama gitare ilikuwa na swichi kubwa ya kijiti, ya mtindo wa Gibson, tundu lake ni la karibu milimita 12, na swichi ndogo itatumbukia ndani. Tafuta washa pana mbili, moja juu, moja chini.

Swichi tatu fasi ya moja

Sasa kazi yenyewe, namna tulivyoifanya. Piga picha na simu kabla ya kugusa waya hata moja. Piga mbili.

Kila mikro iko na waya mbili: ya sauti, na ya masi. Zile za masi ziache fasi zinakaa, mara nyingi nyuma ya potansiometa ya volimu. Zile za sauti zitoe kwa swichi ya zamani moja moja, ukiandika kwa papieri ya kunata: shingo, katikati, daraja. Waya ya mikro ya shingo inaenda kwa mguu wa kati wa swichi ya kwanza, ya katikati kwa mguu wa kati wa swichi ya pili, ya daraja kwa ya tatu. Kisha unaunganisha miguu ya chini ya swichi zote tatu kwa waya moja, na ile waya inaenda kwa mguu wa volimu, ule ule swichi ya zamani ilikuwa inapelekea sauti. Miguu ya juu inabaki bure.

Kuna shida moja ndogo yenye kufichama. Kwa gitare za mtindo wa Stratocaster, vifungo viwili vya ton navyo vimefungwa kwa swichi ya zamani, upande wake wa pili. Ukiitoa, ton zinabaki yatima. Chukua waya ya ton moja, ipeleke kwa ule ule mguu wa volimu fasi sauti inaingilia. Sasa inatawala mikro zote. Ton ya pili sisi tuliiacha bila kazi. Hakuna mtu amelalamika mpaka leo.

Faida: swichi ya pozisio tano inakupa sauti tano. Swichi tatu zinakupa saba, na ya nane ni kimya. Mbili zilizoongezeka ni zote tatu pamoja, na shingo pamoja na daraja. Ile ya shingo na daraja, kwa masikio yangu, ndiyo inafaa mi-solo: inang'aa kidogo lakini haimkanyagi mwimbaji, na solo akiingia na daraja peke yake, kila mmoja anasikika. Korali yenye gitare moja tu inaweza kupata kazi mbili ndani yake.

Hasara: vijiti vitatu si mbio sawa kimoja. Kijana wetu alilalamika wiki mbili, juu alizoea kubadilisha sauti kwa pigo moja la kidole. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha sauti katikati ya sebene, afazali utafute swichi ya kweli ya pozisio tano na uingojee. Na usiweke vijiti fasi mkono unapita. Tuliweka vyetu kwa mstari chini ya nyuzi, tukafunika tundu refu la zamani na kipande cha alumini. Ile alumini pia tukaifunga kwa masi, la sivyo inafanya kazi ya antene.

Moto kidogo, mbio

Swichi hizi zinauawa zaidi na fundi kuliko na mpigaji. Mwili wake ni plastiki. Ukiushika mguu na chuma ya kulehemu sekunde nyingi, plastiki inakuwa laini, mguu unapinda, na ndani sehemu za kugusana zinahama. Kwa nje unaona swichi nzuri. Ndani iko kilema.

Chuma cha wati 30 ao 40 kinatosha. Safisha mguu, weka kwanza bati kidogo kwa mguu, kidogo kwa waya, kisha ziunganishe: sekunde mbili, tatu, toa. Haikushika? Ngoja ipoe, rudia. Tumia ile waya ya bati na risasi yenye dawa ya kolofani ndani yake, si ile dawa ya asidi ya wenye kuziba mabomba, juu asidi inabaki ikila shaba polepole. Umeme ukikatika, kuna mafundi wanapasha kipande cha shaba kwa mbabula na kulehemu nacho. Kwa nyuma ya potansiometa, fasi kubwa ya chuma, sina neno. Kwa swichi ndogo, apana: moto wa makala hauna kipimo. Ngoja umeme urudi. Na ile bati iko na risasi ndani yake: fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kula bukari, na watoto wakae mbali.

Mikro mbili ndani ya moja

Gitare ingine ziko na mikro pana, mistari miwili ya sumaku. Ilitengenezwa na Seth Lover pale Gibson, mnamo 1955, ili kuua nguruma. Mikro ya mzunguko mmoja inakamata kila umeme wenye kupita hewani, na umeme wa SNEL unatikisika mara 50 kwa sekunde: ndiyo ile "mmmm" unasikia. Umeme wa grupu nao unanguruma, na mashini ikichoka nguruma inashuka nayo. Lover aliweka mizunguko miwili yenye kutazamana kinyume, umeme na sumaku vyote viwili: nguruma inajifuta, sauti ya nyuzi inabaki. Bei yake ni kwamba sauti inakuwa nene, na wapigaji wa solo wa kwetu wanapenda sauti kali.

Swichi ndogo inasaidia hapa, lakini kwanza angalia waya zenye kutoka kwa mikro. Kama iko moja tu yenye kuvikwa nyuzi za chuma, acha. Kufungua mikro ni kuiua. Kama ziko nne za rangi na moja isiyo na ngozi, unaweza.

Usiamini rangi. Kwa Seymour Duncan, waya nyeusi ndiyo ya sauti. Kwa DiMarzio, ya sauti ni nyekundu. Za bila jina kila kiwanda kinajipangia. Weka multimeta kwa ohmu, tafuta jozi: waya mbili zenye kuonyesha kilo-ohmu 3 mpaka 5 hivi ni mzunguko wa kwanza, mbili zingine ni wa pili. Ukishafunga na sauti ikatoka nyembamba sawa ya simu, umegeuza mzunguko mmoja. Badilisha waya zake mbili fasi kwa fasi, sauti itarudi.

Njia rahisi ni kuzima mzunguko mmoja. Pale mizunguko miwili inaungana, toa waya uipeleke kwa mguu wa kati wa swichi ya miguu mitatu, na mguu wa pembeni uufunge kwa masi. Kijiti kikisogea, mzunguko mmoja unalala, sauti inakuwa kali. Lakini nguruma inarudi, juu mwenzake aliyekuwa anaifuta amelala. Fundi wengi wanafanya hivi kwa sababu swichi ni ya bei ndogo.

Mimi, kwa mji wa grupu na wa transfo za kila namna, napenda ile ya miguu sita. Mizunguko yote miwili inabaki kazini, lakini inabadilisha mpango: ao mmoja nyuma ya mwingine, ao wote wawili bega kwa bega. Bega kwa bega sauti inakuwa nyepesi na kali, na nguruma inabaki imekufa. Chora miguu sita kwa karatasi, mistari miwili ya mitatu. Mwanzo wa mzunguko wa kwanza unaenda moja kwa moja kwa volimu. Mwisho wa mzunguko wa pili unaenda moja kwa moja kwa masi. Mwisho wa wa kwanza unaenda kwa mguu wa kati wa kushoto; mwanzo wa wa pili kwa mguu wa kati wa kuume. Miguu miwili ya juu unaiunganisha yenyewe kwa yenyewe na kipande cha waya. Mguu wa chini wa kushoto unaenda kwa masi, wa chini wa kuume unaenda kwa volimu. Fuata umeme na kidole juu ya karatasi kabla ya kuwasha chuma. Mimi bado nafanya hivyo kila mara.

Wengine wanaomba swichi ya kunyamazisha gitare wakati wa maombi. Hiyo ni rahisi, ila usikate waya ya sauti: waya yenye kukatwa inabaki ikining'inia na kunguruma wakati mtumishi anaomba. Swichi ya miguu miwili, mguu mmoja kwa sauti, mwingine kwa masi. Ikifungwa, sauti inazama kwa masi, kimya kabisa.

Masi si ya kuchezea

Nimelisema neno masi mara nyingi. Masi ni njia ya kurudi: waya zote za kurudi za gitare zinakutana pale, zinatoka kwa jeki, zinaingia kwa mwili wa chuma wa ampli. Kuna waya moja ndogo yenye kwenda kwa daraja, chini ya nyuzi. Ndiyo sababu ukigusa nyuzi nguruma inapungua.

Sasa, vijana wamenileta gitare zenye ile waya imekatwa. "Papa, ilikuwa inatupiga kwa midomo." Mpigaji anashika nyuzi, anakaribia mikro ya kuimbia, midomo inapigwa. Wanakata waya ya daraja, wanafikiri wamepona. Gitare haina umeme wa kupiga mtu, tulisema: sehemu ndogo ya volti moja. Umeme wenye kupiga midomo unatoka kwa ampli mbovu, ao kwa ampli isiyo na waya ya udongo, ao kwa vyombo viwili vyenye kuchukua umeme fasi mbili tofauti. Mtu ndiye anakuwa waya ya kuviunganisha. Ukikata waya ya daraja, ampli ni ile ile: jeki ya chuma, vifungo, na vile vijiti vya swichi tumeweka leo, vinaweza kubaki kwa ile masi.

Tarehe 3 Mei 1972, Les Harvey, mpiga gitare wa kikundi cha Stone the Crows, aligusa mikro ya kuimbia yenye ubovu wa masi akiwa jukwaani Swansea, Wales, na akafa. Mnamo 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akiwa na gitare ya umeme. Wale walikuwa watu wa kazi, na vyombo vya bei.

Kwa hiyo, ukiwa umeifungua gitare kwa ajili ya swichi, angalia ile waya ya daraja na uirudishe kama imekatwa. Kisha nenda kwa ampli. Ampli, mikse na vyote vya jukwaa vichukue umeme kwa rallonge moja, yenye waya ya tatu ya udongo inayofika kweli ardhini, na kama korali inaweza, dijonkteri ya diferensieli ya miliampere 30 mbele yake. Pesa ya kwanza iende pale kabla ya gitare mpya. Kabla ya mtu kuimba, weka multimeta kwa volti za umeme wa nyumba, ncha moja kwa nyuzi za gitare, ingine kwa chuma ya mikro ya kuimbia. Ikionyesha makumi ya volti, hakuna mtu kugusa: zima vyote, ita fundi wa umeme.

Na kwa gitare yenyewe, usirudishe visi zote mbio. Chomeka kamba, fungua volimu kidogo, chukua turnevisi ndogo ugonge juu ya kila mikro, ukiwasha swichi moja moja. Mikro yenye kuwaka inafanya "tok", yenye kulala inabaki kimya. Sogeza kila kijiti mara kumi ukisikiliza. Yetu tuliigonga mara mbili, siku ya Posho jioni, ile swichi ya chaja tayari ikiwa imetupwa na ingine mpya fasi yake. Kesho yake kijana alipiga na vidole vyote vitano.